Kutunza Mkono Ulioumia kwa Kupigana Ngumi: Mwongozo Tangu Dakika za Kwanza Hadi Kurudi Kazini

Mapigano ya barabarani hayana refa, hayana glavu wala kengele, na mara nyingi huisha kabla ya watazamaji kuelewa yalianzia wapi: wawili wamegombania abiria kwenye steji ya bodaboda, mlevi amesukumwa baani, au utingo wa lori amekosana na wabeba mizigo kule Malaba au Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Anayebaki amesimama hujiona mshindi. Saa chache baadaye mkono aliopigia huvimba, na hapo hutokea kosa ambalo mwongozo huu umeandikwa kulizuia, yaani mtu huuficha mkono wake nyumbani, au akifika kituo cha afya husema ameteleza akaanguka. Mganga huutazama mkono wa mtu aliyeanguka kwa namna moja, na mkono uliogonga meno ya mtu kwa namna nyingine kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoweza kuamua kama kidole kitabaki au kitakatwa.

Maelezo yanamhusu mtu mzima aliyejiumiza mkono kwa kupiga, kwa kumkunja mwenzake shati, au kwa kujikinga. Yamepangwa kwa mfuatano wa wakati.

Kwanza, kwa nini mkono ndio unaovunjika

Mkono mmoja una mifupa 27: minane midogo ya kifundo cha mkono, mitano ya kiganja, na 14 ya vidole. Mingi kati yake ni myembamba, ilhali paji la uso ni miongoni mwa sehemu ngumu za mwili wa binadamu. Mifupa ya kiganja inayobeba kidole cha shahada na cha kati imeshikamana imara na kifundo cha mkono, lakini ile ya kidole cha pete na cha mwisho hucheza, kwa sababu ndiyo inayotuwezesha kushika mpini wa jembe. Mtu aliyefundishwa ndondi hujitahidi kufikisha pigo kwa vifundo viwili vya kwanza vya ngumi. Asiyefundishwa, hasa akiwa amekunywa waragi, yaani pombe kali ya Uganda, na anaizungusha ngumi kutoka ubavuni, hugonga kwa kidole cha mwisho, na mfupa wa kiganja wa kidole hicho huvunjika shingoni, nyuma kidogo ya kifundo cha ngumi. Huu ndio mvunjiko unaoonekana zaidi kwa wapiganaji wa barabarani, na pia kwa wale ambao hawakupigana na mtu bali walimalizia hasira kwenye mlango au tofali. Wahenga walikwisha kusema kwamba apigaye ngumi ukuta huumiza mkonowe, na picha za eksirei zinawaunga mkono.

Tangu kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilipodai glavu katika ndondi, glavu na bendeji zimekuwa kinga ya mkono wa anayepiga. Uganda, iliyopata medali za ndondi za Olimpiki kupitia Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo mwaka 1968 na John Mugabi mwaka 1980, haina uhaba wa watu wanaolijua hilo. Ingia klabu yoyote ya ndondi ya Katwe au Naguru mjini Kampala na utaona kijana akifungwa bendeji kabla hajaruhusiwa kugusa gunia la mazoezi. Hata hivyo vijana wengi huamini kwamba kuufanyisha mkono mazoezi ya kugonga ukuta huuimarisha. Kwa maoni yangu imani hiyo imevunja vidole vingi kuliko ulevi. Vilevile, kukunja ngumi huku kidole gumba kikiwa ndani ya vidole vingine ni njia ya uhakika ya kukivunja.

Hatua ya 1: Ondoka, kisha vua pete

Tiba ya mkono haianzi wakati ugomvi bado unaendelea. Ondoka mahali hapo, kaa chini, na vua pete, saa na bangili mara moja, hata kama mkono hauumi sana, kwa sababu uvimbe ukishaanza pete hugeuka kamba inayokata damu ya kidole. Ikikataa kutoka, inua mkono juu kwa dakika kadhaa, paka sabuni au mafuta ya kupikia, kisha izungushe polepole badala ya kuivuta kwa nguvu. Kidole kikianza kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi, pete ikatwe siku hiyo hiyo, iwe ya ndoa au ya urithi.

Ikiwa damu inatoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kukifunua kutazama, huku mkono ukiwa juu. Usifunge kidole kwa mpira au kamba. Kipande cha chupa kilichozama ndani kiachwe palepale kilipo, kitolewe na mganga.

Hatua ya 2: Tafuta alama ya jino

Hatua hii nitaieleza kwa urefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Baada ya kusafisha damu, kunja ngumi taratibu kadiri maumivu yatakavyoruhusu, kisha chunguza ngozi iliyo juu ya vifundo vya ngumi, hasa cha kidole cha kati na cha pete. Unatafuta mkato mdogo, pengine wa nusu sentimita tu, ambao hautoi damu nyingi na ambao mtu yeyote angeuona si kitu. Ikiwa ulimpiga mtu usoni na mkato kama huo upo, chukulia kwamba ni jeraha la jino mpaka mganga aseme vinginevyo.

Ubaya wa jeraha hili unatokana na namna mkono ulivyoumbwa. Ngumi ikiwa imekunjwa, ngozi ya kifundo huwa imevutwa, kano inayonyoosha kidole huwa imesogea mbele, na kiungo kiko milimita chache tu chini yake. Jino hupenya ngozi, hupenya kano na mara nyingine hufika ndani ya kiungo chenyewe, likiacha mate na vijidudu vyake humo. Kisha mpiganaji hukunjua mkono. Kila tabaka hurudi mahali pake, matundu yaliyokuwa yamepangana huachana, na vijidudu hufungiwa ndani, mahali pasipo na damu nyingi ya kupambana navyo. Ndiyo maana jeraha hukaguliwa mkono ukiwa umekunjwa. Ukiukagua ukiwa umenyooka utaona mchubuko wa juu tu.

Kinywani mwa binadamu mna bakteria wa aina nyingi, miongoni mwao mmoja aitwaye Eikenella corrodens, ambaye hasikii baadhi ya dawa zinazonunuliwa kwa wingi madukani, ikiwamo metronidazoli na dawa za jamii ya kloksasilini. Kwa hiyo mtu anayenunua vidonge viwili vitatu vya rangi mbili kwenye duka la dawa la mtaani, akavimeza kwa soda na kwenda kulala, anaweza kuamka akiwa na kiungo kilichojaa usaha. Dawa ambayo waganga huichagua kwa kawaida ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kwa siku 3 hadi 5 ikiwa bado hakuna maambukizi, na kwa muda mrefu zaidi yakiwapo. Asiyepatana na penisilini aseme mapema, kwani kuna mpango mwingine wa dawa kwa ajili yake.

Jeraha la jino juu ya kifundo haliwekwi nyuzi. Likishonwa, uchafu hufungiwa ndani. Hupanuliwa, huoshwa kwa maji mengi, na likiwa limefika kwenye kiungo mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji likasafishwe vizuri, kisha huachwa wazi. Mgonjwa anayeona mganga amekataa kumshona asidhani amedharauliwa.

Hatua ya 3: Osha

Osha kila jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa dakika 10 hadi 15. Pasipo na bomba, mtu mwingine amimine maji safi kutoka kwenye jerikeni, kwa kuwa kuutumbukiza mkono ndani ya beseni huurudishia jeraha uchafu uliokwisha kutoka. Maji yanayofaa kunywa yanafaa kuoshea. Usimwagie petroli, waragi, mafuta ya breki wala maji ya betri, na usipake majivu, dawa ya meno au kinyesi cha ng'ombe. Kinyesi na udongo ni makao ya vijidudu vya pepopunda. Kisha funika kwa shashi safi bila kukaza.

Hatua ya 4: Upime mkono wako

Weka mikono yote miwili mezani, mzima na ulioumia, ili ulinganishe. Tazama kama kuna kifundo cha ngumi kilichozama ambacho kwenye mkono mwingine kimechomoza. Gusa kila mfupa wa kiganja kwa ncha ya kidole, kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda mbele. Maumivu makali ya mahali pamoja penye mfupa yanaashiria mvunjiko kuliko maumivu yaliyoenea.

Kunja vidole polepole na utazame kucha. Vidole vyote vikikunjwa huelekea upande wa chini ya kidole gumba. Kidole kimoja kikimpanda mwenzake, basi mfupa umejipinda kwa kujizungusha, na hali hiyo hairekebishwi na muda: mkono utapona huku kidole kikimkwaza jirani yake kila ushikapo kitu. Jambo hili huhitaji daktari wa mifupa hata kama picha ya eksirei inaonyesha mvunjiko mdogo.

Zipo hali nne nyingine ambazo huwaponyoka watu. Aliyemkunja mwenzake shati na shati likachomolewa kwa nguvu mkononi mwake anaweza kukatika kano ya kukunja ncha ya kidole, mara nyingi cha pete. Mshikie sehemu ya kati ya kidole ikiwa imenyooka, umwambie akunje ncha peke yake, na akishindwa afike kwa daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, kwa kuwa kano hujivuta kuelekea kiganjani na baada ya wiki moja au siku 10 kuirudisha huwa vigumu. Ncha ya kidole iliyoinama na isiyonyooka yenyewe imekatika kano ya juu, nayo hutibiwa kwa gango linaloshikilia ncha ikiwa imenyooka kwa wiki 6 hadi 8 bila kuvuliwa hata usiku mmoja. Aliyeanguka kwa kiganja na anayeumwa kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono, achukuliwe kuwa amevunjika mfupa mdogo wa kifundo cha mkono hata kama picha ya kwanza haionyeshi kitu. Hufungwa gango na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, maana mfupa huo hupata damu kwa taabu na ukiachwa sehemu yake inaweza kufa. Na kidole gumba kisichoweza kubana karatasi kwa nguvu dhidi ya kidole cha shahada huenda kimechanika kano zake za pembeni.

Kwa aliyekatwa na chupa au kioo, gusa ncha ya kila kidole pande zote mbili kwa kipande cha karatasi. Upande usiohisi umekatwa neva, na neva haiungi kwa kufungwa bendeji.

Hatua ya 5: Tuliza, inua, poza

Kata kipande cha boksi gumu chenye urefu wa kutoka katikati ya kigasha hadi ncha za vidole, kitandikie kitambaa laini, weka kitambaa kilichoviringwa ndani ya kiganja, kisha funga kwa bendeji au kanga bila kubana. Kidole kilichoumia kinaweza kufungwa pamoja na jirani yake, pamba ikiwa katikati. Usijaribu kunyoosha mfupa uliopinda. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo, hata wakati wa kulala, ukiwekwa juu ya mito. Kuuning'iniza chini kutwa nzima ndiyo sababu kubwa ya uvimbe usioisha.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe, na kurudiwa kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku mbili za kwanza. Kuchua kwa maji ya moto au mafuta katika siku hizo huongeza uvimbe. Parasetamoli hutosha kwa maumivu ya wengi: gramu moja kila baada ya saa 6, isizidi gramu nne kwa siku, na kwa mtu anayekunywa pombe kila siku apunguze kwa ushauri wa mganga, maana ini lake tayari lina kazi.

Hatua ya 6: Nenda, na useme ukweli

Siku hiyo hiyo, si kesho kutwa, yafuatayo yanampeleka mtu kwenye kituo cha afya: jeraha lolote lililotokana na jino, kidole kinachompanda mwenzake au kisichokunja wala kunyooka, ganzi, kidole baridi, jeraha linaloonyesha mfupa, au maumivu yanayozidi kila saa hata baada ya kufungua bendeji, hasa yakichacha mtu mwingine anapovinyoosha vidole taratibu. Dalili hiyo ya mwisho humaanisha shinikizo limepanda ndani ya misuli, na saa chache tu zinaweza kuharibu mkono.

Nchini Uganda, kituo cha afya cha daraja la III kinaweza kuosha jeraha, kutoa sindano ya pepopunda na kuanza antibiotiki. Kwa picha ya eksirei na daktari wa mifupa, tarajia kupewa rufaa hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa kama za Arua, Gulu, Mbale, Jinja au Mbarara, na kwa wa Kampala, Mulago. Ada ziliondolewa katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini dawa huisha, kwa hiyo beba akiba kidogo ya kununulia dawa na shashi nje.

Ukifika, mwambie mganga kwa sentensi moja: nilimpiga mtu mdomoni, saa fulani. Mweleze kama mwenzako alitoka damu mdomoni. Hatari ya VVU kwa njia hii ni ndogo, lakini damu ikiwa imechanganyika, dawa za kuzuia maambukizi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Uliza pia kuhusu homa ya ini aina ya B. Kumbuka kwamba aliyepigwa naye amewekwa hatarini na damu ya mkono wako. Kuhusu pepopunda, wanawake wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, ilhali mwanamume wa kawaida hakumbuki chanjo yoyote baada ya utoto, basi asijibu tu kwamba amechanjwa.

Wengi hudanganya kwa kuhofia polisi. Fomu ya polisi namba 3, ambayo mganga huijaza kuhusu majeraha, inahitajika ikiwa mmoja wenu anataka kushtaki, na ni busara kuichukua mapema kwa sababu uvimbe hupotea na ushahidi nao. Lakini kuoshwa kwa jeraha kusisubiri fomu, wala kusisubiri kikao cha mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, cha kuamua nani amlipie nani matibabu. Vikao hivyo vinaweza kuchukua wiki nzima. Usaha hauchukui hivyo.

Na kwa waunga mifupa wa kienyeji, ambao wengi huwaendea kwanza kwa sababu wako karibu na hulipwa kidogo kidogo: sina ugomvi nao kwa maumivu ya misuli, ila mkono wenye jeraha wazi, au uliofungwa vijiti kwa kukaza hadi vidole vikawa baridi, haufai kubaki kwao hata usiku mmoja.

Hatua ya 7: Siku tatu za kuangalia

Maambukizi ya jeraha la jino kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 24 na 72. Vitabu husema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida, hivyo tumia mgongo wa mkono mwingine kupima joto, linganisha uvimbe, na utazame kama ngozi inang'aa. Kidole kinachouma kikisogezwa hata kidogo tu, usaha, tezi zilizovimba kwapani, homa au kutetemeka ni sababu za kurudi hospitali mara moja. Mwenye kisukari au VVU arudi kukaguliwa kesho yake hata bila dalili.

Hatua ya 8: Wiki za gango na kurudi kazini

Mvunjiko wa shingo ya mfupa wa kidole cha mwisho mara nyingi hauhitaji upasuaji, kwa kuwa mfupa huo huvumilia kupinda kiasi, ilimradi kidole hakikujizungusha. Ule wa kidole cha shahada au cha kati huvumilia kidogo sana. Gango hukaa wiki 3 hadi 4. Kifundo kilichozama kinaweza kubaki kimezama maisha yote bila kudhuru kazi, na hilo liwe limekubaliwa mapema. Usilikate gango mwenyewe kwa sababu linawasha, na usiendeshe bodaboda ukiwa nalo: klachi iko mkono wa kushoto na breki ya mbele iko wa kulia, kwa hiyo mkono wowote ulioufunga umekupokonya kimoja.

Vidole visivyofungwa visogezwe tangu siku ya kwanza. Gango likitoka, kunja na unyooshe kila kidole mara kumi, mara kadhaa kwa siku, ndani ya maji ya vuguvugu ikiwa yanarahisisha, kisha kamua kitambaa kilicholowa, na baada ya hapo anza kubeba vitu vyepesi. Mizigo ya gunia, nyundo na gunia la ndondi visubiri angalau wiki 6 tangu mvunjiko, na mganga aridhie. Asiyeweza kukunja ngumi kamili kufikia wiki ya 8 aombe kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya mkoa, akiwa na picha zake zote za eksirei, kwani ukakamavu wa vidole unaoshughulikiwa wakati huo hulegea kwa mazoezi, na ukiachwa mwaka mzima huenda ukahitaji kisu.